Siku Mpelelezi Alipomkamata Mama Mdogo

Kaka yangu ameua watu wengi maishani mwake, wengi wao kwa sumu, na hajalala rumande hata siku moja. Ni mtunzi wa riwaya za upelelezi. Alianza akiwa karani wa idara ya maji. Wenzake walipokwenda kula mchana, yeye alibaki mezani akitafuta namna nzuri ya kumuua mkuu wa idara. Katika hadithi ya kwanza mkuu akafa kweli, tena kisimani. Gazeti moja likaichapa kipande kwa kipande, na watu wakawa wanagombania ukurasa ule kwa kinyozi.

Baadaye vikaja vitabu. Kaka akaacha kazi ya maji, akanunua miwani ambayo hakuihitaji, na mtaa mzima ukaanza kumwita Mpelelezi. Mimi, mdogo wake, nilimcheka sana. Lakini nilijivunia pia, sitaficha.

Alikuwa na kanuni moja, na aliirudia redioni mpaka ikatuchosha: kikulacho ki nguoni mwako. Mlevi na mwenye sura mbaya aliwaweka ili msomaji awashuku. Mkosaji halisi alikuwa yule mpole, anayependwa na kila mtu. Katika sura ya mwisho wote hukusanywa sebuleni, mpelelezi akataja dalili moja baada ya nyingine, hadi yule mpole akainamisha kichwa. Vitabu vyake vyote viliisha hivyo, na vyote vilipendwa.

Basi saa ya marehemu baba ikapotea.

Mama aliitunza kwenye kabati la vioo, ndani ya kikombe ambacho hakuna aliyekinywea. Asubuhi moja kikombe kilikuwa kitupu. Mama alilia kana kwamba tulimzika baba jana yake. Mimi nikasema tutafute taratibu, vitu vya nyumbani havina miguu. Kaka akasema mtu asiguse kitu. Alituhoji mmoja mmoja jikoni, kalamu sikioni, na mimi dada yake wa tumbo moja nikaulizwa nilikuwa wapi na nani aliniona huko. Nilimwambia nilikuwa chooni, na shahidi sina.

Mtu aliyeumia zaidi kwa maswali yale alikuwa mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, hakujaliwa mtoto, na ndiye aliyetulea mama alipokuwa akishinda kiwandani kushona. Kaka alijifunza kusoma miguuni pake, kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni. Tangu baba afariki alikuwa akija kila siku kumwangalia mama, jioni anarudi kwake, mtaa wa pili.

Jumapili kaka akatuita. Alikuwa amepanga viti nusu duara, vingine ameazima kwa jirani. Mama aliketi kwenye kochi. Mama mdogo alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Kaka akasimama, kabati mgongoni pake, akaanza.

Akauliza ni nani huonekana akifungua makabati ya mama, mama akiwa amelala. Ni nani hushusha sauti mtu akiingia chumbani. Ni nani aliyesema tuache kuitafuta ile saa, tusimsumbue mama kwa maswali. Nikamwambia, kaka, inatosha. Hakunisikia, alikuwa amefika sehemu anayoipenda. Na ubaya wake ni kwamba kila alichokisema kilikuwa kweli.

"Mama mdogo," akasema, "saa ya baba umeipeleka wapi?"

Mama mdogo hakumtazama yeye. Alimtazama mama, kisha akasema, "Mwanangu, kama umeona ni mimi, basi ni mimi. Mwacheni mama yenu apumzike."

Kaka akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Katika vitabu vyake hakuna anayekubali kosa lisilo lake. Mama mdogo akavaa viatu vyake akaondoka, na mama akatuuliza mbona ndugu yake anaondoka kabla ya chai.

Wiki haikuisha. Fundi saa wa pale karibu na soko akabisha hodi, saa ya baba ameifunga kwenye kitambaa. Alieleza kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeileta ibadilishwe mkanda, akaahidi kurudi jioni ileile. Alipoona kimya akaamua kuileta. Mama akamkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha akamwambia kwa upole kwamba hawajawahi kuonana.

Hapo ndipo tulipoelewa. Mama alikuwa anasahau, na si tangu jana. Mama mdogo alifungua makabati kutoa sabuni iliyowekwa kwenye sukari. Alinong'ona kwa sababu alikuwa akimkumbusha mama leo ni siku gani. Baadaye tukaja kujua kwamba mama alikuwa amemwomba, akilia, sisi watoto tusijue, naye akaahidi. Angeweza kujitetea siku ile kwa sentensi moja tu, mbele ya viti vyote vile. Aliona heri aitwe mwizi.

Kaka alikaa sakafuni. Alimwonea haya hata fundi saa, ambaye hakujua lolote. Mchana ule tulikwenda kwa mama mdogo, na mtaani kaka alitembea akishika ukuta upande mmoja kama anayejificha mvua. Alipiga magoti mlangoni. Mama mdogo akamwinua, akampa maji, akamwambia yamekwisha. Na yalikuwa yamekwisha kwake, nakuapia. Yule mama hana kinyongo.

Kaka ndiye hayajamwishia. Mchapishaji alimsubiri mwaka mzima, na kila akifika sura ya mwisho, mtu mpole anayeketi karibu na mlango anakuwa na uso uleule. Sasa anasahihisha miswada ya watu wengine. Msomaji akimsimamisha barabarani kumuuliza nani atakufa safari hii, anavuka upande wa pili. Mtangazaji mmoja alimwomba aitaje ile kanuni yake, akajibu kwamba kanuni hana, alikuwa mjinga tu. Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

Mama mdogo alirudi kwa mama, maana nani mwingine angeiweza kazi ile. Siku ya kwanza, alipotaka kwenda kwake, alisimama sebuleni akafungua mkoba. Akatoa funguo, leso, miwani, dawa ya kifua, akavipanga mezani. Kisha akaupindua mkoba akaukung'uta.

"Angalia, mwanangu, kabla sijatoka," akamwambia kaka.

Kaka akamsihi asifanye hivyo. Alimwomba msamaha upya, akamshika mikono. Mama mdogo akamwacha amalize, bila hasira yoyote.

"Nilishakusamehe," akasema. "Lakini mama yako sasa anasahau. Kesho kikipotea kitu, nani atanisemea?"

Tangu siku ile, kila jioni mkoba unamwagwa mezani. Na kwa kuwa mama mdogo hatoki mpaka aangaliwe, kaka huangalia.