Vipigo Kwanza

Kila baada ya mechi, kocha wa timu ya taifa huja kwa karani wa takwimu kofia mkononi, sauti imemkauka kwa kelele za uwanjani. "Vipigo kwanza, dada. Ushindi hautoroki," husema, kisha hufuata mistari kwa kidole chake kinene, polepole, kama mtu anayejitoa mwiba. Jana karani alimngoja kwa furaha: mkataba ulimtaka ashinde nusu ya mechi zake ndipo aongezewe muda, na hesabu ilikuwa imekaa barabara, mechi arobaini, ushindi ishirini. Kidole kikaganda kwenye ushindi mmoja.

"Huu si wangu. Siku hiyo nilikuwa hospitalini, sina fahamu. Timu aliipanga msaidizi wangu." Akaukata kwa kalamu, akaandika jina la msaidizi pembeni. Ukabaki ushindi kumi na tisa katika mechi thelathini na tisa.

Karani akapiga hesabu haraka. "Basi tutoe na kile kipigo cha wiki iliyofuata, kocha. Ulikuwa bado umelazwa, na nusu yako itarudi."

"Hicho kiache," akasema kocha, akivaa kofia yake. "Nilikuwa nimeshazinduka. Kikosi nilikipanga mimi."