Risasi Shingoni mwa Kimani

Mkinikuta mtaani Kansanga nimefunga vifungo vya shati mpaka kooni kwenye jua hili, msiniulize, nitawaeleza mwenyewe, maana aibu niliyoipata ilikuwa kubwa kiasi kwamba nadhani waliisikia mpaka mtaa wa Kibuli wakaanua nguo wakidhani ni radi.

Chanzo ni wivu. Jirani yangu Kimani, Mkenya mwenzangu, anauza simu mlango wa pili kutoka duka langu la magodoro, na tulielewana vizuri sana mpaka alipojiunga na klabu ya kulenga shabaha kwa magobore, zile bunduki za kizamani unazojaza kwa mdomo wa mtutu, baruti kwanza kisha risasi ya duara, ukifyatua moshi unafunika wilaya nzima. Siku moja akaja kazini na risasi ya namna hiyo imetobolewa na kutiwa kamba, inaning'inia shingoni, na Nakato akaishika kwa vidole viwili akacheka mpaka akaegemea kaunta. (Nakato ni wa duka la dawa ng'ambo ya barabara, na mimi nilikuwa nasubiri kwa hamu anipeleke kwa senga wake, yaani shangazi yake, kwa sababu kwao senga akikukataa hakuna ndoa, rudi kwenye magodoro yako.) Kaunta ya Kimani! Cheti changu cha masomo ya jioni nimekitundika dukani kwa fremu ya rangi ya dhahabu, na Nakato hajawahi kukigusa hata kwa kidole kimoja.

Nikajua tu, ile ni medali, na nikaapa nami nitaipata yangu. Ningemuuliza Kimani "hii ni ya nini?" yangeishia hapo, lakini mtu mwenye wivu haulizi, anajiandikisha.

Uwanja wa klabu uko nje ya mji, bunduki zote zinafungiwa kwenye kabati la chuma, na msimamizi ni afande mmoja mstaafu mwenye sauti ya kuamsha kambi. Akaniuliza kama nimewahi kushika gobore. Nikajibu, "Afande, nimekulia nalo. Babu yangu alikuwa anaangusha tembo." (Babu yangu alikuwa fundi cherehani na alimwogopa jogoo wa jirani.)

"Kale, sawa," akasema Afande. "Basi wewe najua kazi. Baruti, kitambaa, risasi, sindilia. Na ukiwa unajaza, mdomo funga! Mutu akiongea, anasahau."

Siku ya kufyatua nilimwalika Nakato, nikamnunulia na karanga, nikavaa suruali nyeupe mpya. Akaja, lakini akakaa benchi moja na Kimani. Nikapima baruti kwenye kikopo chake kidogo, nikataka kuimimina, mara nikasikia kicheko, nikageuza shingo, na mkono wa nani nauona ndani ya mfuko wa karanga? Nikaweka kikopo mezani.

"Kimani! Karanga hizo nilinunua mimi!"

"Ssebo, bwana, mdomo!" Afande akanguruma.

Nikarudi kazini nimefura. Kitambaa, risasi, nikashindilia kwa ule ufito wa chuma kwa nguvu za wanaume kumi na wawili, nikaweka fataki ya kuwashia baruti, nikalenga. "Nakato, tazama!" Nikafyatua.

Tap.

Basi, tap, kama mtu anayefyonza meno. Hakuna moshi, hakuna mlio, ndege mmoja juu ya uzio hata hakuacha kujikuna. Afande akaniamuru nisigeuke, nishikilie hivyo hivyo mtutu ukitazama shabaha, maana gobore huweza kulipuka kwa kuchelewa, na tukangoja pale kimya kabisa mpaka jasho langu likaanza kusikika. Kisha akaangalia mezani, akaona kikopo kimejaa pomoni.

"Ssebo, baruti hii unaachia nani? Babu yako aliua tembo na hewa?"

Risasi iliyoingia bila baruti haitoki kwa kubembelezwa. Afande akahakikisha bunduki ni salama, akafunga skrubu kwenye ncha ya ufito ikaingia ndani ya risasi, akasema anahitaji mtu wa kuvuta, mimi nishike kitako. Akajitolea nani? Kimani, akipaza sauti: "Vuta, jirani!" Kimani anavuta huku, mimi kule, benchi zima linatuhesabia, mpaka risasi ikachomoka ghafla, Kimani akaangukia karanga, nami nikarudi kinyumenyume nikakaa, suruali nyeupe na yote, ndani ya ndoo ya kuoshea mitutu, yale maji meusi yanayonuka mayai viza. Na nikanasa.

Kimani akainuka anacheka machozi, akavua kamba yake shingoni. "Asante, jirani! Nimeoga nayo, nimelala nayo, nimeenda nayo kanisani."

Kumbe ndiyo desturi ya klabu: anayesahau baruti anaivaa popote aendapo, mpaka asahau mwingine.

"Mimi nilidhani ni medali," nikasema, kutoka ndani ya ndoo.

"Banange!" Nakato akashika mbavu. "Yote haya kwa sababu nilimcheka Kimani?"

"Ndiyo."

Akaichukua ile kamba akanifunga mwenyewe, huku ameziba pua. "Kimani hajaingia ndooni kwa ajili yangu. Jumapili tunakwenda kwa senga. Na utaivaa."

Niliivaa. Senga alikuwa hajakaa vizuri akauliza ni ya nini, nikafungua kinywa kumleta babu na tembo wake, Nakato akakohoa, nikasema kweli yote mpaka harufu ya ndoo. Senga alicheka mpaka mshipi wa gomesi, lile gauni lake refu, ukalegea, kisha akaamuru niongezewe chai.

Sitaonea tena wivu kitu kilichoko shingoni mwa mtu kabla sijauliza kilifikaje pale, ingawa shingo tupu ya Kimani, nakiri, siku hizi inaninyima usingizi. Kwa hiyo rafiki yeyote anayetaka kuanza gobore, karibu sana klabuni. Nitakaa karibu nawe ukiwa unajaza, na nina hadithi nyingi mno za babu yangu.