Viti Vilivyokwenda kwa Fundi

Siku yangu ya kwanza katika sinema ya Nyeri, meneja alinipandisha hadi chumba cha mashine, akafunga mlango kama mtu anayeficha kitu. "Kijana, kazi hii hakuna kukaa. Picha ikikatika, hao watu wa chini watatusi mpaka mama yako."

Mashine zilikuwa mbili, na mwanga ulitoka kwa vijiti vya kaboni vilivyowaka ncha zikikaribiana. Doa dogo likitokea pembeni mwa picha, ulijua rili ya filamu inaisha, ukawasha mashine ya pili kabla mtu hajapiga mluzi. Nilihamishiwa Nanyuki, kisha Karatina, na kote nilitazama picha kupitia tundu la ukutani, nimesimama. Viti vya ukumbini nilivigusa tu vikichanika, nikivitia viraka vya ngozi ya mkanda mkuukuu wa mashine.

Niliporudi Nyeri, video zilikuwa zimefika mjini. Meneja alikuwa yule yule, ila maneno yake yalikuwa matamu kupita kiasi, nami mtu mtamu humtazama mara mbili. Mara viti vya nyuma vikaanza kung'olewa.

"Vinapelekwa wapi, Meneja?"

"Kwa fundi, Mukurweini. Ama unafikiria ati naenda kupikia nazo?"

"Na vitarudi?"

"Wewe chunga mashine yako."

Havikurudi. Watu walikosa pa kukaa, wakaacha kuja. Nilikuwa na watoto shuleni na sikujua kazi nyingine, kwa hiyo niliogopa sana. Nikamshuku mwenye ukumbi mpya wa video karibu na stendi, ambaye hakuna aliyemjua. Nilidhani anamhonga meneja wetu.

Alasiri moja nikaenda kumtafuta. Mlangoni nilimkuta mke wa meneja, akikata tiketi.

"Karibu, Baba Wambui," akasema bila haya. "Leo utaona picha ukiwa umekaa."

Nikaketi gizani, nikapapasa pembeni mwa kiti. Kidole changu kikagusa kiraka cha ngozi, na mshono ulikuwa wangu.

Sinema ilifungwa, nami nikarudi Giakanja kufuga ng'ombe, na sasa nimezeeka. Vijana huniambia watu waliichoka sinema wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, huwajibu, nao hucheka. Siwaambii kwamba siku ile nilikaa mpaka picha ikaisha. Kiti kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.