Nisafishie Picha Hii

Ukutani nyumbani kwa mama yangu, Mohoro, kuna picha yake na binti yangu. Mama ameketi, mtoto amesimama kando yake, mkono mmoja ameuinua. Nyuma yao kuna jumba jeupe la ghorofa, maua mekundu, na bomba linalorusha maji juu yakafunguka kama mwavuli. Miguu yao haina hata doa. Wageni huisifu. Mimi ndiye niliyeipiga, na siku ile hapakuwa na jumba, wala maua, wala bomba. Tulikuwa mbele ya dungu.

Dungu ni kibanda kinachojengwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga, unakipanda kwa ngazi. Mpunga ukianza kutia maziwa, familia huhamia huko kuamia ndege. Kutwa mnapiga kelele na kurusha madongo kwa kombeo ili ndege wasishuke. Nimekulia huko. Nilikula, nikalala na nikaugua homa juu ya fito zile, lakini sina picha hata moja ya utoto ule. Kamera zilikuwa mjini Ikwiriri, na Ikwiriri tulikwenda tukiwa tumeoga.

Kwa hiyo binti yangu alipofika umri wa kushika kombeo, niliomba likizo kazini Kibiti, nikampeleka kwa bibi yake shambani. Nilitaka akikua awe na kile nilichokikosa mimi. Nilimpiga picha akipanda ngazi, akilala, akila ugali na samaki. Mama yangu hakupendezwa.

"Unanipiga na kanga ya shamba?" aliniuliza. "Ngoja nioge, nivae. Watu watasema hunitunzi."

"Nakutaka hivyo ulivyo, mama."

"Nilivyo mimi ni nikiwa nimeoga."

Mtoto akadakia, "Bibi, hata ukioga, mimi ni mzuri kuliko wewe."

"Msikie huyu mke mwenzangu," mama akasema. "Hata kuwasha moto hajui, anataka kuninyang'anya bwana."

Akacheka, nami nikapiga. Mtoto alikuwa ameinua mkono wenye dongo, tope limemfika magotini. Nyuma yao dungu lilionekana lote, na sufuria nyeusi imetundikwa kwenye nguzo. Hiyo ndiyo picha niliyoichagua.

Wakati wa kurudi nilishuka Ikwiriri, nikaingia studio ya kijana mmoja jirani na kituo cha mabasi. Basi langu lilikuwa linapiga honi. Nilimrushia ile picha kwenye simu yake, nikamwambia, "Nisafishie picha hii, iwe kubwa, uitie fremu. Ukimaliza mpe konda wa gari la Mohoro, amfikishie mama yangu."

"Freshi, sista," akasema, nami nikakimbilia basi.

Watu wa rika langu tulilikuta neno hilo likiwa na kazi yake. Mkanda wa kamera ulipelekwa mjini kusafishwa, yaani picha zitolewe kwenye karatasi. Mtu akiuliza, "Picha zimesafishwa?" alitaka kujua kama ziko tayari. Kijana yule alizaliwa akakuta picha zinakaa ndani ya simu. Alisikia safisha, akasafisha.

Masika yaliyofuata mto ulifurika. Maji yalipopungua tulikuta umejichimbia njia mpya katikati ya shamba letu. Dungu halikuwapo, na hata mahali pa kulijenga tena hapakuwapo. Nilipokuwa navuka kwa mtumbwi kwenda kumwona mama, simu yangu iliteleza ikazama na picha zote. Niliumia, lakini nilijituliza kwamba moja ipo ukutani kwa mama. Nikaingia sebuleni, nikaliona jumba.

Nikarudi Ikwiriri kwa yule kijana. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Sista, si ulisema nisafishe? Nimesafisha mpaka kucha. Umeona bi mkubwa anavyong'aa?"

"Ile ya mwanzo unayo?"

"Nikishatoa nafuta, mashine isijae." Akafikiri kidogo. "Kitu kimoja tu nilikiacha, lile andazi la mtoto. Niliona haya kumnyang'anya chakula."

Sikujua nicheke au nilie. Kwa mama nako nilipotaka kuishusha ile picha, alinikatalia. "Hapo ndipo nilipotoka vizuri. Iache."

Nikaiacha. Miaka ikapita, nami nikaizoea. Likizo iliyopita binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la tatu, alikuwa sebuleni kwa bibi yake na watoto wa jirani. Nilimsikia akiwaonyesha ukutani.

"Pale ni kwa bibi pa zamani. Kulikuwa na bomba linarusha maji, tukawa tunaoga pale."

Hakuwa anawadanganya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka. Nilisimama mlangoni nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimempeleka dunguni ili utoto wake usipotee, na picha niliyoiagiza mwenyewe ilikuwa imeanza kuula.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Mama, aliyekuwa uani akipepeta mchele, akaniashiria ninyamaze.

"Mke mwenzangu," akaita, "njoo. Kwenye ile picha umeshika nini?"

"Andazi."

"Nani alikupikia?"

Mtoto akasita. Mama akaweka ungo chini, akachota udongo uliolowa kando ya mtungi, akaufinyanga, akamwekea kiganjani.

"Haya, kula."

Mtoto alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliligeuza lile dongo, akalibana kwa vidole. Mkono ukapanda vilevile kama pichani. Akalirusha kwa ukelele mrefu, "Haaaya!" na kuku wote wakatawanyika.

"Bibi," akasema, bado anautazama mkono wake, "ile ngazi ilikuwa inateleza. Ukanifunga kanga kiunoni, ukaifunga kwenye nguzo, nisianguke nikirusha."

Nilimgeukia mama. Katika picha zangu zote zilizozama hapakuwa na kanga iliyofungwa nguzoni. "Ulimfunga?"

"Nilimfunga kila siku."

"Mbona sikuwahi kuona?"

"Utaona saa ngapi?" mama akasema. "Wewe ulikuwa unapiga picha."

Mtoto alikwisha kukaa chini, anachota tope jingine, na anamuuliza bibi yake ile sufuria nyeusi ilikwenda wapi. Nikatoa simu. Mama alikuwa na pumba kichwani, na kanga yake ilikuwa imepauka hata maandishi hayasomeki. Nilingoja aniambie anakwenda kuoga.

"Piga basi," akasema. "Tope litamkaukia mkononi."

Wakati wa kurudi Kibiti nilishuka tena Ikwiriri. Safari hii sikuwa na haraka. Nilimwambia yule kijana aitoe kama ilivyo, asiguse kitu. Akaikuza kwenye kioo cha kompyuta, akapitia uso wa mama, ungo, kuku, akaufikia mkono wa mtoto. Akasogea karibu.

"Hili si andazi," akasema.

"Si andazi."

"Ni dongo."

"Ndiyo," nikamwambia. "Liache."