Nilivyomsindikiza Dada Kilimanjaro

Mimi ni mtu wa Nyanga. Safari zangu ndefu huishia Kamachumu kwa dada yangu, na nikizidisha sana nafika Muleba, nashuka kwenye basi, naangalia soko, narudi kwenye migomba yangu. Kwa hiyo watoto wa dada waliposema mama yao hapandi Kilimanjaro bila mjomba, nilielewa kwamba wanamzuia kwa adabu.

Dada alikuwa amestaafu ualimu. Miaka yote aliyofundisha jiografia aliuchora mlima ule ubaoni bila kuukanyaga, na sasa hakutaka kingine. Watoto wakampa sharti: mjomba akigeuza, na wewe unageuza. Akaahidi, na dada akiahidi ameahidi.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Nitaweza."

"Juzi ulipanda ngazi za kanisa ukaomba kiti."

"Kilikuwepo."

Tulipita msitu, kisha vichaka, kisha mahali ambapo hata nyasi zilikuwa zimekata tamaa. Mwongozaji wetu, Mchaga mwenye sauti ya padri anayeungamisha, alisema "pole pole" kila nilipokuwa nimesimama kabisa. Jioni alitubana kidole kwa kidude cha kupima mapigo ya moyo. Mapigo yakienda mbio na mtu amepumzika, alisema, mtu huyo anashuka, na hapo hakuna mjadala.

Siku ya kufika kibanda cha juu tulivuka jangwa la mawe. Hakukuwa na la kuangalia wala la kuzungumza, kwa hiyo tukatafuna akamwani, kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo dada alikuwa ameifunga kwenye jani la mgomba kana kwamba tunaenda kuchumbia. Tulitafuna tangu asubuhi.

Mwongozaji alipoingia kibandani, dada akamnyooshea. Kwetu mgeni anapewa akamwani kabla ya kuulizwa habari, na kibanda kile jioni ile kilikuwa nyumba yetu.

"Asante, mama, nimetosheka."

"Hujala, umetosheka na nini? Pokea, waitu," dada akambembeleza kwa lugha ya kwetu.

Akapokea. Akaongezewa. Chai ikaja, ikaisha, ndipo akatoa kidude. Akanibana mimi, akatazama namba, akanibana kidole kingine.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Kama nilivyo siku zote. Vibaya."

Akampima dada. Uso wake ukabadilika.

"Mama, samahani sana. Wote wawili mapigo yanakimbia. Kesho tunashuka."

Dada alivua kofia, akaikunja vizuri, akaiweka magotini, kama alivyokuwa akifanya na vitabu vya wanafunzi waliofeli. Nilikuwa nimeomba kushuka tangu getini, na sasa nimepewa, nikashindwa kufurahi.

"Labda kidude kimeharibika," nikasema.

Mwongozaji, kwa heshima tu, akajibana mwenyewe. Akatazama kwa muda mrefu. Akamwita mpishi, ambaye hakuwa ametafuna kitu, akampima, namba ikatulia chini kabisa. Akarudia kwake. Ikapanda.

"Mama," akasema polepole, "hivi vitu mlivyonipa ni nini?"

"Kahawa."

"Mmekula nyingi?"

"Huyu ndiye mlafi," dada akasema akinielekeza kidole. "Mimi nimeonja tu mchana kutwa."

Furushi lilichukuliwa likalala kwa mpishi. Mwongozaji akatuambia tupumzike siku nzima ya kesho hapo hapo, tunywe maji, halafu atapima tena. Alipopima, ya dada yalikuwa yametulia. Yangu yalikuwa yamepungua kidogo tu.

"Na haya?" dada akauliza.

"Huyu anaogopa," mwongozaji akasema. "Kwa woga hatumshushi mtu."

Tukapanda. Nilifika kwenye ukingo wa shimo la volkano kule juu, nikakaa kwenye jiwe, nikamwambia dada sijageuza, nimekaa. Alifikiri kidogo kuhusu ahadi yake, akaona imetimia, akaendelea na mwongozaji kuelekea kileleni. Msaidizi wa mwongozaji alibaki nami, tukamtazama dada akipungua mpaka akawa alama ya rangi kwenye theluji.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni upepo.

"Kuna nini huko?"

"Kuna kibao," akasema. "Simama, twende."

Alinishika mkono njia yote ya kushuka nisianguke. Watoto walinishukuru kwa simu kwa kumsindikiza mama yao.