Mathilde Apima Mashine ya Odile

Mathilde ni mhasibu wa ushirika wetu wa wakulima wa mpunga hapa Kasongo. Mimi, Déo, ni katibu wa ushirika huohuo, kwa hiyo nimemvumilia miaka minane. Nasema kuvumilia kwa makusudi. Anayetaka kujua alivyo na amfuate sokoni siku moja tu. Atauliza bei ya sabuni kwa wauzaji watano, atauliza jana waliuza ngapi, atauliza kama aliyenunua alikuwa na haraka, halafu ataondoka mikono mitupu. Wauzaji wakimwona anakuja, wanajifanya wanahesabu chenji.

Alizaliwa Wamaza, kwa baba mkulima wa karanga. Wanunuzi walipita kwa pikipiki wanapotaka, na mzee alipokea bei yoyote aliyotajiwa, maana hakujua mwingine atapita lini. Mathilde alinisimulia mara moja tu, tena kwa hasira, kwamba mwaka fulani baba yake aliuza magunia sita kwa bei ya mawili kwa sababu ada ya shule ilidaiwa Jumatatu. Ada hiyo ilikuwa ya Mathilde mwenyewe. Baadaye alisomea uhasibu Kindu, akaolewa na Emile, fundi wa pikipiki, wakaja kukaa hapa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, Odile alileta ombi lake kwenye ushirika. Odile ni mjane. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya kukoboa mpunga, nzima kabisa, lakini pesa hakumwachia. Basi akaomba kuingia ushirika kwa kutoa mashine badala ya fedha. Kanuni zetu zinaruhusu: kitu kinapimwa thamani, thamani inagawanywa kwa dola hamsini, ambayo ndiyo bei ya hisa moja. Mwenye hisa ishirini anapata kiti kwenye kamati. Odile alikitaka kiti hicho na wala hakuficha.

"Mashini iko yangu," alituambia. "Siwezi kuiacha mu mikono ya watu, mi nikae inje nangojea wanielezee wameifanya nini."

Prezida wa ushirika, Gérard, hakutaka kusikia habari hiyo. Odile ana tabia ya kuuliza maswali, na Gérard ana tabia ya kutopenda kuulizwa. Mimi nilitaka tu karatasi ya thamani kutoka kwa Mathilde. Mavuno yalikuwa yanakuja, mashine ilitakiwa iwe imekwisha kuingia, na karatasi moja ilikuwa inatuchelewesha.

"Andika mia sita," Gérard akamwambia Mathilde. "Mashini ya Pierre iliuzwa dola mia sita mu mwezi wa tatu. Iko aina moja na hii, miaka ni ileile. Kazi imeisha."

Mia sita ni hisa kumi na mbili. Kwaheri kiti cha Odile.

Sasa sikilizeni. Mashine hiyo ya Pierre ilinunuliwa na nani? Na Emile, mume wa Mathilde, kwa pesa za Mathilde. Kasongo nzima inajua. Wameifunga nyuma ya nyumba yao na inakoboa kila siku. Pierre, mwanachama mwenzetu, aliwauzia kwa sababu binti yake Naomie alikuwa amelazwa akisubiri upasuaji wa tumbo, na hospitali ilitaka pesa kwanza. Naomie alipona. Tangu hapo Pierre amekuwa akiwapelekea kuku: mmoja Pasaka, mwingine sikukuu ya wazazi, mwezi wa nane. Akikutana na Mathilde njiani anavua kofia.

"Mia sita siandiki," Mathilde akasema.

"Kwa nini?"

"Ile si thamani ya haki."

Thamani ya haki! Maneno haya yamenizeesha. Amenieleza mara kumi bila kuombwa: ni bei ambayo muuzaji na mnunuzi wangepatana leo, wote wawili wanajua wanachofanya, na hakuna anayesukumwa. Bei aliyonunulia marehemu haihusiki. Anayoiota Odile haihusiki pia. Gérard alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amemaliza, akatoka.

Mathilde naye badala ya kukaa na kuandika, akapanda pikipiki kwenda Salamabila. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, matope mpaka magotini, na gharama ya mafuta kwenye daftari langu. Kisa? Eti wanaonunua mashine za kukoboa wako huko, kwenye dhahabu, ambako wachimbaji wanakula wali kila siku. Alirudi na koo limekauka na bei tatu za mwaka uleule: dola elfu moja mia moja na themanini, elfu moja mia mbili, elfu moja mia mbili na ishirini. Kila muuzaji Mathilde alimuuliza kwa nini aliuza. Mmoja alikuwa anahamia Bukavu na alingoja mnunuzi mzuri miezi miwili. Fikiria mtu anayesimama kwenye tope la Salamabila akiuliza watu mambo kama hayo.

Akashika wastani, elfu moja mia mbili, akaondoa mia na hamsini.

"Hizi unaziondoa za nini?" nikamuuliza.

"Za kuibeba mpaka kule. Mashini iko hapa, Papa Déo. Haina miguu."

Elfu moja na hamsini. Hisa ishirini na moja. Nilimshukuru Mungu, nikatafuta muhuri. Lakini Gérard si mjinga. Alisoma ripoti, akacheka kwa sauti.

"Unaenda kutafuta bei mu pori, na bei iko mu lupango yako mwenyewe, nyuma ya nyumba? Andika kwa nini mashini ya Pierre haihesabiwi. Andika, katibu asome mbele ya wote Siku ya Posho."

Ilikuwa Jumatano, na mkutano wa wanachama wote ulikuwa Siku ya Posho, yaani Jumamosi. Alhamisi hakuandika. Ijumaa asubuhi nilimkuta ameshika kalamu, anatazama ukuta. Nikapandwa na hasira.

"Mama Mathilde, sema ilikuwa mbovu, tumalize!"

"Inakoboa kila siku mbele ya watu. Gérard ataleta fundi mbele ya mkutano, na Odile atakosa vyote."

"Basi acha mia sita."

"Na Odile akae inje?"

"Sasa unataka nini?"

Aliniambia tu kwamba Pierre atakuwepo mkutanoni. Nilitoka nikaupiga mlango, na sijaona haya mpaka leo, maana kichwa kilikuwa kinanigonga. Karatasi moja! Wiki tatu kwa karatasi moja!

Jumamosi alinipa ripoti imekunjwa, watu wakiwa wameshakaa. Wala sikuipitia kwanza. Nilisimama nikasoma kama ninavyosoma kila kitu, haraka haraka, bei za Salamabila, gharama za kubeba, mpaka nikafika chini.

"Mauzo ya mwezi wa tatu hapa Kasongo hayakuhesabiwa. Muuzaji alikuwa na siku mbili za kupata pesa za hospitali. Mnunuzi alilijua hilo. Alijua pia kwamba mashine ina thamani kubwa kuliko alichotoa. Mnunuzi ni mimi."

Gérard alitaka kumfunga Mathilde mdomo, hakutegemea aufungue hivyo.

Pierre aliinuka kwenye benchi la nyuma, kofia mkononi.

"Mama Mathilde, ulijua?"

"Nilijua, Papa Pierre."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Mi nilisema mu moyo, huyu mama amenisaidia." Akaigeuza kofia. "Naomie anatembea. Ile umeiandika wapi?"

"Haina nafasi mu ripoti."

Pierre akaketi. Tulipiga kura, thamani ikapita, Odile akapata hisa zake ishirini na moja, na siku hiyohiyo akaanza kuuliza maswali. Gérard alitia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Nilidhani yamekwisha. Nyumbani kwao yalikuwa yanaanza. Emile alipiga kelele kwamba walinunua, hawakuiba, na hilo ni kweli pia. Mathilde hakubishana naye. Alikusanya dola mia nne na hamsini, kile kilichopungua kwenye bei ya Pierre, ikamchukua mpaka katikati ya mwezi wa kumi na mbili, akampelekea Pierre. Na alikwenda na risiti! Mungu wangu, risiti, imeandikwa tayari, imebaki sahihi tu. Pierre alihesabu, akatia sahihi, akamwambia asante kama unavyomwambia karani wa ofisi.

Noeli ikafika. Kuku hakuja. Nilimwona Mathilde mara mbili akitazama njia ya kwa Pierre, na mimi nilimwonea huruma, ingawa amenila miaka minane ya maisha yangu.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya nilimkuta sokoni. Alisimama kwa muuzaji wa kwanza, akachagua jogoo mkubwa, akalipa faranga elfu thelathini alizotajiwa bila kuuliza chochote. Muuzaji alibaki mdomo wazi. Nikamsindikiza mpaka kwa Pierre, kwa sababu jogoo alikuwa anamshinda.

Pierre alitoka mlangoni. Naomie alikuwa uani anapepeta mchele, mzima, amenenepa. Mathilde akamnyooshea jogoo kwa mikono miwili.

"Ni ya sikukuu, Papa Pierre."

Pierre akamtazama yule jogoo, akamtazama na Mathilde.

"Iko bei gani?"

Nilimkanyaga Mathilde mguu anyamaze. Lakini ni Mathilde, mtu akimuuliza bei hajui kudanganya.

"Elfu makumi tatu," akasema.

Pierre akaingia ndani, akatoka na noti zake, akamhesabia mkononi mpaka ya mwisho, ndipo akampokea jogoo.