Hatua Mia Mbili Hadi Ziwani

Nimeandika matangazo mengi ya nyumba, na sentensi moja tu ndiyo inayonifanya nifumbe macho nikiikumbuka: "Kutoka mlango wa nyuma hadi ziwani ni hatua mia mbili." Haikuwa uongo. Nilizihesabu mwenyewe wakati wa kiangazi, viatu mkononi, kwa sababu sipendi kuandika kitu ambacho miguu yangu haikijui.

Hapa Rumonge komisioneri wa nyumba, yaani dalali, ni mtu wa kusimama barabarani na simu mbili, akipaza sauti: paseli ya kujenga iko, nyumba iko, maji iko, umeme iko. Mimi sauti yangu haifiki mbali na hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo nilifungua blogu. Wasomaji wangu wengi walikuwa ng'ambo ya mpaka au Ulaya, watu wanaotafuta nyumba ya kurudia. Nilijifunza upesi kwamba hao hawanunui matofali. Ukiwaandikia "nyumba nzuri, vyumba vinne," wanapita. Ukiwaambia kwamba asubuhi ukikaa barazani unawasikia wanawake wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, huku wakibishana, na kwamba moshi wa wanaopika mawese haufiki upande wa chumba cha kulala, wanasoma mpaka mwisho. Picha nilipiga asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, nikiwa nimeshaondoa nguo kambani na ndoo mlangoni. Wenzangu walinicheka eti nauza nyumba kwa insha. Wacheke, simu zilikuwa zinanijia mimi.

Nyumba ya hatua mia mbili ilikuwa ya mfanyabiashara wa mawese aliyehamia Bujumbura. Aliniahidi kwamba nikiiuza, atanipa nyingine tatu za Nyanza-Lac nizitangaze. Sitajifanya mtakatifu. Nilizitaka zile tatu mpaka nikaziota.

Aliyejibu tangazo alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kigoma, Tanzania. Alivuka mpaka kutoka huku kwetu akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia huko, akafundisha Kiswahili huko mpaka akaota mvi, na sasa alitaka kuzeekea kwao. Kabla ya kuuliza bei, alinisahihisha. "Binti," aliandika chini ya makala, "maji hayawi 'iko'. Maji yapo." Nikasonya. Kesho yake akasahihisha makala nyingine, halafu nyingine. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikajikuta namtumia rasimu zangu kabla ya kuzichapisha. Siku aliyoniandikia "Vema," niliwaonyesha majirani.

Kisha mvua zikaja na ziwa likaanza kupanda. Si jambo geni kwetu. Miaka hii Tanganyika limekula kuta za watu, limekula baa za ufukweni, na huko Gitaza wamehamisha chanja zao za samaki zaidi ya mara moja. Nilikwenda kwenye ile nyumba kupiga picha mpya. Nilitoka mlango wa nyuma nikihesabu, na maji yakanigusa vidole kwenye hatua ya tisini na nne. Nikarudi nikahesabu tena, safari hii nikifupisha hatua makusudi, kana kwamba ziwa lingekubali kudanganywa.

Nikampigia mwenye nyumba.

"Ziwa inakujaka na inarudi," alisema. "Sasa unataka kumwogopesha mama wa watu juu ya mvua?"

"Lakini tangazo inasema mia mbili."

"Wakati uliandika, ilikuwa mia mbili?"

"Ilikuwa."

"Basi. Acha ivyo."

Nikaacha hivyo. Kila asubuhi nilifungua blogu, nikaitazama ile sentensi, nikafunga. Kesho nitabadilisha, nilijiambia, na kesho ikazaa kesho. Usiku mvua ikinyesha nilikuwa nalala macho. Mwalimu naye, aliyekuwa ameshakubali bei, alikuwa akiniandikia kuhusu mapazia: je, madirisha ya mbele ni mapana kiasi gani? Nilimpimia madirisha. Nilimpimia hata kabati. Kuhusu ziwa hakuuliza, nami sikusema.

Alifika Alhamisi kabla ya adhuhuri, kwa teksi aliyoikodi kutoka mpakani Mugina, mizigo imefungwa juu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, mwenye miwani minene na magoti yaliyovimba. Alinikumbatia kama mwanawe. Noteri, mthibitishaji wa mikataba, alikuwa anatungoja saa nane tutie sahihi. Mwenye nyumba alikuwa ameshafika na Fanta baridi, na mlango wa nyuma alikuwa ameufunga kwa ufunguo, ufunguo mfukoni.

Mwalimu alipita chumba hadi chumba akigusa kuta kwa kiganja. "Ni kama ulivyoandika," alisema kila mara. Nilitaka aone mwenyewe, ili mimi nisilazimike kusema. Huo ndio ulikuwa woga wangu wote.

"Mama Mwalimu," nikamwambia, "haupendi kwanza uone ziwa?"

Alicheka. "Hatua mia mbili za kwenda na mia mbili za kurudi? Magoti haya leo hayakubali, mwanangu. Na nihesabu tena ya nini? Wewe umeshanihesabia."

Mwenye nyumba akatazama saa. "Murakoze, asante sana, mama. Twende, noteri anatungoja."

Mwalimu alikuwa ameshashika mkoba wake.

"Mama Mwalimu, ile makala iko na kosa."

"Ina kosa," alinisahihisha akitabasamu. "Kosa gani? Niliipitia yote."

"Si la sarufi."

Tabasamu likamtoka polepole. "Dada, unafanya nini?" mwenye nyumba akaninong'oneza. Nikanyoosha mkono kwake. "Lete ufunguo." Hakutoa. Nikarudia, safari hii kwa sauti ambayo majirani waliisikia, na akautoa.

Nilipofungua, hapakuwa na haja ya kueleza. Maji yalikuwa yanalamba shina la mpapai ambao kwenye picha yangu ulisimama katikati ya uwanja. Hata hivyo mwalimu alishuka kizingiti, akishika ukuta, akahesabu kwa sauti kama anayeita wanafunzi, hatua kwa hatua, magoti yakimuuma. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Kiatu chake kikalowa, akasimama.

Nyuma yetu mwenye nyumba alisema kwamba kwenye pwani hii sitauza tena hata banda la kuku, akaenda kwenye gari lake.

"Ulijua lini?" mwalimu aliuliza bila kugeuka.

"Ni wiki mbili sasa."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Wiki mbili zilizopita," alisema, "nyumba yangu ya Kigoma ilikuwa bado yangu. Nimeikabidhi kwa mnunuzi Jumatatu."

Hakupaza sauti. Laiti angenipiga kofi. Niliomba msamaha, na hata mimi niliusikia udogo wake. Dereva wa teksi, aliyekuwa amechoka kungoja kule mbele, akazunguka nyumba na godoro kichwani.

"Mama," akauliza, "hii tunaweka mu chumba gani?"